Mkono Usiosikia Moto

Stendi ya Makambako ina mama lishe wengi, na kila mmoja ana chake kinachomvutia mteja. Kuna mwenye supu nzito, kuna mwenye maneno matamu, kuna mwenye televisheni. Dorika alikuwa na mikono. Asubuhi, baridi imewashika utingo wa malori mpaka wanaongea huku meno yakigongana, yeye alizamisha vidole kwenye majivu ya moto, akachomoa kiazi kinachofuka, akakipangusa, akakipasua kwa dole gumba na kukitia chumvi. Koleo hakuijua. Sufuria ya chai ikichemka aliiepua kwa mikono mitupu, taratibu, huku akiendelea na mazungumzo.

"Huyu mama si wa nyama," madereva walisema. "Huyu ni chuma."

Jina la kibanda lilitoka hapo. Jasmine, mke wa mwanawe, binti wa Kikinga kutoka Makete aliyezaliwa na biashara kwenye damu, alimwita fundi akaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: MAMA CHUMA. Dorika alijifanya kuona aibu, lakini moyoni alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa uvumilivu tu, na uvumilivu ni sifa wanayopewa watu wasio na kingine. Sasa alisifiwa mikono yake, na abiria wa Songea na wa Mbeya walishuka kwenye basi wakimuulizia yeye.

Kwa hiyo bwana afya alipopita stendi akitangaza kwamba asiye na cheti kipya cha afya atafungiwa, hakushtuka. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Unapeleka choo kwenye kikopo, unakaa foleni, unagongewa muhuri, unarudi kwenye moto wako.

"Nenda wewe, mama," Jasmine alimwambia. "Mimi changu kipya ninacho tayari. Lakini usikae kupiga soga huko, mabasi hayatusubiri."

"Soga nipige na nani? Na kikopo?"

Jasmine akacheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

*

Shida ilikuwa daktari mpya. Waliomtangulia walikuwa wakikagua karatasi. Huyu alitaka kukagua watu. Daktari Nelly alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, sauti imekauka kwa kurudia neno moja tangu asubuhi.

"Vua."

Kuvua! Makambako, mwezi wa saba! Kwenye benchi akina mama waliangaliana, kila mmoja amejifunga masweta na vitenge mpaka hajulikani mnene ni nani na mwembamba ni nani.

"Sisi tunapika chakula," alisema Cresensia, yule wa supu. "Hatuendi kuolewa."

Benchi zima likacheka, na Dorika aliingia nyuma ya pazia bado akitabasamu. Akavua kofia ya sufu, sweta, sweta la pili, gauni. Alisimama karibu na dirisha alikoambiwa asimame, akajikunyata, akijionea haya kwa shimizi yake iliyochanika kwapani. Laiti angejua angevaa ile nyingine.

Daktari hakuitazama shimizi. Alimtazama usoni, muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Nyusi zako zimekwenda wapi, mama?"

"Moshi, daktari. Na uzee."

"Na hiki?" Alikuwa ameinua mkono wake. Juu ya kiwiko palikuwa na baka pana, jekundu kwa mbali, ngozi yake imekauka.

"Hicho cha siku nyingi. Duka la dawa walinipa mafuta ya fangasi."

"Kilikuwa kinawasha?"

"Hata. Hakiwashi, hakiumi, hakina kelele na mtu."

Daktari alitikisa kichwa polepole. Akageuza kiganja cha Dorika juu, akakileta kwenye mwanga. Pembeni, chini ya kidole kidogo, palikuwa na lengelenge limepasuka, nyama inaonekana. Dorika naye akainama kulitazama, maana ndiyo kwanza analiona.

"Umeungua lini hapa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Mimi sisikii moto, daktari," Dorika alisema, na hapo sauti yake ikapata nguvu. Alijua jambo hili huwafurahisha watu. "Uliza stendi nzima. Sufuria linachemka, nalishika hivi hivi. Wananiita Mama Chuma."

Alingoja kicheko. Daktari hakucheka. Aliweka vidole nyuma ya kiwiko cha Dorika, akapapasa kwenye ule mfereji wa mfupa, akabana kidogo, akahamia kiwiko cha pili, akarudi cha kwanza. Akamshika mkono wake, akampeleka vidole mpaka pale pale ili naye apapase. Dorika hakuambulia kitu kwa ncha za vidole vyake, ikabidi daktari amweleze kwamba mshipa wa fahamu umevimba, mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha akamtazama ndewe za masikio, ambazo Dorika alidhani zimenenepa kwa sababu na yeye amenenepa. Akachukua wembe mdogo, akakwangua kidogo kwenye ndewe, akapaka kwenye kioo cha maabara.

"Majibu ya kioo yatakuja," alisema. "Lakini dalili zenyewe zinasema. Vaa kwanza, usipate baridi."

Dorika alivaa. Daktari alingoja mpaka akafunga kifungo cha mwisho, halafu akashusha sauti.

"Ni ukoma, mama."

Jambo la kwanza Dorika alilofanya ni kutazama chini ya pazia. Viatu vya Cresensia vilikuwa pale pale, vya plastiki, vya kijani, vimeelekea ndani.

"Ule wa kwenye Biblia?" alinong'ona.

"Huo huo. Ila wa sasa una dawa. Dawa ni bure, unameza mwaka mmoja, na ukishaanza humwambukizi mtu tena."

"Na watu waliokula kwangu?"

"Chakula hakina shida. Ugonjwa huu hupita kwa pumzi, kwa watu wanaoishi pamoja miaka na miaka. Hata hivyo mikono hii ikae mbali na moto. Inaungua na wewe huna habari. Siku moja utapoteza kidole ukidhani ni kiazi." Daktari alisugua macho. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, na uchovu wake ulimfanya aseme mambo yalivyo. "Cheti sitakupa mpaka hili lengelenge lipone. Nyumbani unaishi na nani?"

"Mkwe. Na mjukuu. Mwanangu yuko Lupembe, anaendesha lori la majani ya chai."

"Walete wote tuwakague. Wote, mama. Nguo chini kama wewe."

"Nitawaleta," alisema Dorika, na wakati anasema alijua kwamba hatawaleta. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba dawa akachukulie Njombe, maana hapa anajulikana. Daktari akamtazama kidogo, akamwandikia.

Nje, Cresensia alisogeza makalio kumpisha.

"Ulikuwa unazaa humo ndani?"

"Presha," alisema Dorika.

"Presha! Na wewe chuma!"

Dorika hakujua kama Cresensia amesikia. Kutojua huko kulimtesa njia nzima mpaka kibandani.

*

Uongo wa presha ulikuwa mzuri kwa wiki ya kwanza.

"Presha ndiyo inakataza kushika sufuria?" Jasmine aliuliza.

"Wamesema moto unaipandisha."

"Na cheti?"

"Mpaka itulie."

Jasmine akafunga kitambaa kichwani, akaenda mwenyewe kwenye moto. Alijiunguza vidole, akatukana, akanunua koleo. Madereva walisikitika. Wengine walikula nusu wakaondoka, wengine walihamia kwa Cresensia. Usingizi wa Jasmine ulizidi kuwa mfupi kila usiku, na alianza kuweka vyombo chini kwa kishindo.

Njombe, mratibu wa kifua kikuu na ukoma alikuwa mzee mmoja, Kasimiri, aliyekaribia kustaafu, mwenye chumba kidogo nyuma ya majengo ya hospitali na maneno ya utani yasiyoisha. Alimpa vidonge vya kwanza na glasi ya maji, akavimeza mbele yake. "Mkojo utakuwa mwekundu, usije ukadhani umechinjwa. Na utaiva, utakuwa mweusi wa kupendeza." Yote yakawa kweli. Dorika aliingia chooni akatoka amejishika ukuta, japo alikuwa ameonywa. Wiki zilipopita, uso wake ukaanza kukolea.

"Mama, unakuwa mweusi," Jasmine alisema. "Presha gani hii?"

"Jua."

"Jua la hapa Makambako?"

Kilichomchosha Dorika hasa hakikuwa dawa. Ni kwamba tangu siku ile hakuweza tena kumtazama mtu kama mtu. Abiria akishuka kwenye basi, yeye alianza na nyusi. Kanisani, walipoinamisha vichwa kusali, yeye alikuwa akipita kwenye masikio ya benchi la mbele. Mtu akinyoosha mkono kupokea chai, alikagua vidole. Daktari alikuwa amempa macho yake lakini hakumfundisha namna ya kuyafumba.

Na nyumbani kulikuwa na Ema, mjukuu wake. Yuko darasa la kwanza, ana meno mawili yaliyong'oka mbele na maswali mengi kuliko nywele. Tangu aachishwe ziwa alilala na bibi yake. Ndivyo wanavyofanya watu wa huku, baridi ya kwao haimwachi mtoto alale peke yake, na bibi naye anahitaji wa kumpasha miguu. Usiku baada ya kupimwa, Dorika alimhamishia kwa mama yake akisingizia kikohozi. Mtoto alisimama mlangoni na blanketi lake.

"Bibi, umenichoka?"

"Nakohoa, mama. Nenda."

"Mbona hukohoi?"

Dorika akakohoa.

Jumamosi moja mchana, akimwogesha Ema kwenye beseni kwa ajili ya kesho yake kanisani, aliliona. Wiki nzima mtoto hushinda na sketi ndefu na soksi nzito mpaka magotini, nani angeliona? Juu ya paja la kushoto palikuwa na baka dogo, limepauka kuliko ngozi ya pembeni, kavu, halina mba wala kipele. Maji yalikuwa yanateleza juu yake.

"Hiki nini?"

"Mama amesema minyoo."

Dorika aliweka kidole juu ya lile baka, akakiondoa. Kidole chake mwenyewe hakimwambii kitu siku hizi, hakijui laini wala chakavu. Angeweza kumuuliza mtoto, unasikia nikikugusa? Ni swali dogo. Aliogopa jibu, akammwagia maji ya mwisho na kumfunga taulo.

Jioni alijaribu kwa mbali.

"Mama Ema, huyu mtoto apelekwe hospitali. Ana baka pajani."

"Minyoo hiyo. Nitampa dawa."

"Mimi nitakwenda naye Njombe, nikienda kwenye presha yangu."

"Akose shule kwa ajili ya minyoo?" Jasmine alikuwa anahesabu chapati zilizobaki, nazo zilikuwa nyingi. "Mama, tafadhali. Tusiongezeane."

 Hata kama Dorika angempeleka kwa kumwiba, dawa za miezi huwezi kumnywesha mtoto wa watu kwa siri. Mkojo mwekundu wa mtoto mama yake atauona. Hapakuwa na njia ya kumponya Ema iliyopita pembeni ya mdomo wake Dorika. Akisema, kibanda kimekufa, na yeye kwenye stendi ile hatakuwa tena na pa kuweka uso. Asiposema, ganzi itatambaa kwenye mwili wa yule mtoto polepole, bila maumivu, mpaka siku na yeye aanze kusifiwa.

Jumapili ikapita, na nyingine. Kila Jumamosi aliliosha lile baka na kulitazama, na kila Jumamosi alijiambia, wiki hii.

*

Aliyemaliza mambo alikuwa dereva mmoja wa malori ya makaa ya mawe, Aron, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mzuri. Ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, Ema yupo kibandani anachezea vizibo vya soda, Dorika amekaa pembeni anamenya vitunguu, kazi pekee aliyoruhusiwa na uongo wake.

"Kamwene, Mama Chuma!" Aron alisema. "Mbona umestaafu? Haya, mjukuu yupo. Mjukuu wa chuma naye ni chuma. Hebu nitolee kiazi, mama mdogo."

"Ataurithi tu mkono wa bibi yake," Jasmine alimjibu mteja, kwa ile sauti ya kuuzia.

Ema hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichuchumaa, akachomeka mkono kwenye majivu, akashika.

Alipiga yowe lililowageuza watu mpaka upande wa pili wa stendi. Kiazi kikaruka, mtoto akaanguka makalio, amekumbatia mkono wake, analia mpaka pumzi inakatika. Jasmine alitupa mwiko. Lakini Dorika ndiye aliyefika kwanza. Alipiga magoti, akaushika ule mkono mdogo, akaangalia vidole vilivyoanza kuwa vyekundu, na watu wote wakamwona anacheka.

"Umesikia?" alikuwa anasema. "Umesikia moto, mama? Unauma? Unauma sana?"

"Unaumaaa!"

"Asante Mungu. Asante. Lia. Lia, mama."

"Mama!" Jasmine alimnyang'anya mtoto. "Una nini wewe? Umechanganyikiwa?"

Aron aliweka pesa mezani bila kula, akaondoka. Jasmine aliuzamisha mkono wa Ema kwenye ndoo ya maji. Dorika alibaki amepiga magoti kwenye majivu. Kicheko kilikuwa kimekwisha na uchovu wa miezi ulikuwa umemkalia mabegani. Alijua hana nguvu ya kuikabili Jumamosi nyingine.

"Si presha," alisema.

Jasmine hakugeuka.

"Nina ukoma. Ndiyo maana sisikii moto. Haikuwa ustadi, ulikuwa ugonjwa. Nameza dawa, Njombe. Siambukizi tena, wamesema. Lakini lile baka la Ema, mama Ema, lile si minyoo. Nalijua. Linafanana na changu."

Jasmine alimtoa mtoto mkono kwenye maji, akaukausha kwa khanga, kidole kimoja kimoja. Alipoongea, aliongea polepole mno.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu cheti."

"Na mtoto umelala naye miaka yote."

"Sikujua."

"Hukujua. Sawa. Ulipojua, ukakaa kimya." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu. "Umemwogesha kila Jumamosi. Umeliona kila Jumamosi. Ukamfunga taulo ukanipa nimpake mafuta."

 Kila neno lilikuwa kweli.

*

Shadrack, mwanawe Dorika, alipigiwa simu Lupembe.  Alisema neno moja, wasimwambie mtu, akaongeza kwamba atakuja, halafu hakusema lini. Ni mwanaume mwema, lakini wema wake huwa anauhifadhi mbali na matatizo.

Nyumbani hakuna aliyemfukuza Dorika. Kikombe chake tu kilihama kabatini, kikakaa peke yake kwenye dirisha. Sahani yake ilioshwa mwisho. Jasmine alimwandalia chakula kwa heshima zote, amepiga goti, akaweka na kuondoka kabla Dorika hajanyoosha mkono. Ema aliambiwa asimsumbue bibi, bibi anaumwa. Aliketi mlangoni na mkono wake uliofungwa kitambaa, akimtazama bibi yake kutoka pale, amekatazwa kitu ambacho hakielewi.

Kibandani wateja walimuulizia.

"Amesafiri," Jasmine aliwajibu.

Dorika alikuwa nyuma ya nyumba, si mbali, anasikia mabasi yakipiga honi stendi. Amesafiri. Akaona ni afadhali. Msafiri anaweza kurudi.

Siku ya tatu Jasmine alisimama mbele yake na koti amelivaa.

"Kesho tunakwenda Njombe. Wote. Nimemwomba ruhusa mwalimu." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Utuonyeshe huyo mtu wako."

*

Kasimiri aliwapokea kwa kelele. "Leo ukoo mzima! Ningejua ningechinja." Hakuna aliyecheka, naye alikuwa mzoefu, hakuendelea. Alifunga mlango, akaburuta jiko dogo la umeme karibu na kitanda ili chumba kipate joto, akaanza na Jasmine.

Jasmine alivua nguo zake kwa hasira, kitufe baada ya kitufe, na kuzikunja vizuri kuliko ilivyohitajika. Dorika alitazama ukutani. Alisikia tu sauti ya mzee: geuka, inua mkono, kunja kiwiko, fumba macho kwa nguvu, fumbua, nionyeshe nyayo. Ilichukua muda. Kasimiri hakuruka sehemu.

"Uko salama," alisema mwishoni. "Nitakupa kidonge cha kinga umeze hapa hapa, basi."

Jasmine alivaa bila kusema asante. Hakuwa amekuja kwa ajili yake.

Ema alipandishwa kitandani, akavuliwa sketi na soksi, miguu yake ikaanza kusimama vipele vya baridi. Kasimiri alitoa kipande cha pamba, akakisokota ncha ikawa nyembamba kama uzi.

"Unaiona hii? Ni pamba. Haiumi. Tunacheza mchezo. Unafumba macho, mimi nakugusa, wewe unanionyesha kwa kidole nilipokugusa. Mwerevu huyu?"

"Wa tatu darasani," alisema Ema.

"Basi tutaona."

Akafumba macho mpaka pua ikakunjamana. Jasmine alisimama upande mmoja wa kitanda. Dorika alibaki mbali, karibu na mlango, mpaka Kasimiri alipomwita kwa kichwa asogee, akasogea, akasimama pembeni ya mkwewe akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Pamba ikagusa shavu. "Hapa!" Ikagusa goti. "Hapa!" Ikagusa kile kidole kilichoungua. "Hapa, polepole, babu." Ikagusa tumbo, akacheka, akaonyesha. Alikuwa anashinda, na alijua anashinda. Jasmine alianza kutabasamu kidogo, mtu angefikiri analo tumaini. Dorika alikuwa anaomba. Hakuwa na maneno ya kuomba, alikuwa na neno moja tu, lile la mtoto. Hapa. Sema hapa, mama. Aliomba awe amekosea, aitwe mwongo na mchawi, afukuzwe nyumbani kwa kumtia mtoto ugonjwa asio nao.

Kasimiri alishusha mkono, akaweka ncha ya pamba katikati ya lile baka pajani.

Ema alingoja. Kidole chake kilikuwa hewani, tayari. Jiko la umeme lilikuwa linavuma. Kasimiri aliizungusha ncha ya pamba taratibu, kutoka katikati mpaka ukingoni, akarudi, hakuiinua. Mtoto aligeuza kichwa upande huu na upande ule akisikiliza, macho ameyafumba kwa uaminifu wote.

"Babu," alisema, "mbona umeacha?"

 Jasmine alinyoosha mkono pembeni bila kutazama, akashika kitu cha kwanza alichokifikia. Dorika hakusikia alivyoshikwa. Ni mpaka alipotazama chini ndipo alipoona vidole vya mkwewe vimeufumba mkono wake, vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hakuuondoa.

"Hajaacha, mama," alimjibu mtoto. "Yupo hapo hapo. Endelea kufumba macho, mwache amalize."